Karatasi ya Msajili ni ya Nani?

Ndugu msikilizaji, ukipita katika ofisi za mjini, kubwa kwa ndogo, iwe ya wakala wa mizigo karibu na bandari au ya mwuza vipuri Kariakoo, mara nyingi utaona ukutani, juu ya kichwa cha mwenye ofisi, hati iliyotiwa ndani ya kioo. Ni cheti cha kusajiliwa kwa kampuni. Kina muhuri, kina saini ya Msajili, kina namba na tarehe. Mwenyewe hukifuta vumbi kila Jumatatu. Mgeni akiingia hukitupia jicho, moyo wake ukatulia, akaona kwamba hapa amefika kwa watu wanaotambulika.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mambo ambayo cheti kile hakiyasemi. Kinasema kwamba kampuni ilizaliwa siku fulani, basi. Hakisemi kama wakurugenzi walioandikwa siku hiyo wangali hai. Hakisemi kama kampuni iliyosajiliwa kushona nguo sasa inasafirisha saruji. Hakisemi ofisi imehamia wapi. Hayo yote yamo katika jalada lililoko kwa Msajili, ndani ya waraka wa kuanzisha kampuni na kanuni zake, ambavyo kwa pamoja watu siku hizi huviita katiba ya kampuni, na katika taarifa zinazopaswa kufuata kila mwaka. Jalada hilo laweza kuwa limeguswa mwezi uliopita. Laweza pia kuwa halijaguswa tangu siku ile cheti kilipotundikwa.

Wenye makampuni wengi huona kazi ya kulihuisha jalada kuwa ni usumbufu wa serikali tu. Husema ni fomu na ada, kisha nenda rudi. Mimi sikubaliani nao, na nadhani historia iko upande wangu. Jalada lile halikubuniwa kwa ajili ya serikali, wala halikubuniwa kwa ajili ya wenye kampuni. Lilibuniwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yule anayekopesha, anayeuza kwa mali kauli, anayetoa fedha zake akiwa hakuwamo katika mkutano wowote wa kampuni na wala hakualikwa.

Hebu twende kwanza London, mwaka 1691. Zamani hizo mtu hakuweza kwenda ofisini na kusajili kampuni. Kampuni ilizaliwa kwa hati ya kifalme au kwa sheria ya Bunge, na hati ile ndiyo iliyotaja kazi yake. Mwaka huo wafanyabiashara fulani walipata hati ya kufua panga. Walileta mafundi wa Kijerumani kutoka Solingen, mji uliosifika kwa vyuma vyenye makali, wakawaweka kaskazini ya Uingereza, na kazi ikaanza.

Haikupita miaka mingi hati ile ikaangukia mikononi mwa watu wengine kabisa, watu wa fedha. Hao hawakuwa na haja na panga hata moja. Walichokitaka ni ile karatasi, kwa sababu iliwaruhusu kuwa kampuni, kuwa na hisa na kumiliki ardhi. Wakaitumia kununua mashamba yaliyotaifishwa kule Ireland, kisha wakaanza kupokea na kukopesha fedha. Katibu wao aliitwa John Blunt. Kampuni ya wafua panga ikawa benki, na hati yake ikabaki ile ile ya panga.

Blunt huyo huyo akaja kuwa kiongozi wa Kampuni ya Bahari ya Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1711, na ile benki ya panga ikawa ndiyo mtunza fedha wake. Mwaka 1720 hisa za Bahari ya Kusini zilizokuwa kama pauni 130 mwezi Januari zilipanda hadi karibu pauni 1,000 wakati wa kiangazi. London nzima ikapagawa. Kila mtu akataka kampuni, na aliyekosa hati mpya alitafuta hati kuukuu ya kununua. Kulikuwa na kampuni iliyoruhusiwa katika karne ya 17 kuvuta maji ya mto Thames kwa ajili ya wakazi wa London. Nayo ilikwisha kuwa mnunuzi mkubwa wa mashamba ya Scotland, yaliyonyang'anywa walioasi mwaka 1715.

Bunge likapitisha sheria mwezi Juni 1720 kuzuia mambo mawili: kujifanya kampuni bila idhini, na kutumia hati iliyopitwa na wakati kwa kazi isiyokuwa yake. Inasemekana wakubwa wa Bahari ya Kusini wenyewe ndio walioisukuma, ili wapinzani wapungue. Mwezi Agosti makampuni manne yakaitwa kujibu kwa nini hati zao zisifutwe, na ile ya maji ikiwamo. Hofu ikaingia sokoni. Watu wakauza walichonacho, na bei za wote zikaanza kuporomoka, pamoja na za hao waliochochea sheria. Tarehe 24 Septemba ile benki yenye hati ya panga ikasimamisha malipo. Hadi mwisho wa mwezi huo hisa za Bahari ya Kusini zilikuwa zimeshuka chini ya pauni 200.

Sisemi kwamba hati kuukuu ndizo zilizoleta balaa la 1720. Tamaa ilikuwa kubwa kuliko hati. Lakini ona jinsi mtu wa nje alivyokuwa gizani. Aliyeweka fedha zake kwa wafua panga hakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza hawa ni nani leo, wanafanya nini leo, na nani anawajibika. Hati ilikuwa sandukuni kwa wenyewe.

Ofisi hiyo ilikuja mwaka 1844. William Gladstone, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa wakati huo akisimamia mambo ya biashara serikalini, na sheria iliyopita chini yake ikaunda cheo cha Msajili wa Makampuni. Sasa kampuni ingeweza kuzaliwa kwa kuandikishwa, bila kwenda kumpigia magoti mfalme, ila kwa sharti moja, kwamba karatasi zake ziwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mwaka 1855 likaongezwa jambo zito zaidi. Wenye hisa hawatadaiwa zaidi ya hisa zao. Kampuni ikifa na madeni, nyumba ya mwenye hisa haiguswi.

Tafadhali, msikilizaji, yaweke pamoja mambo hayo mawili. Sheria ilimwambia mkopeshaji hivi: hutaruhusiwa tena kumfuata mwenye kampuni nyumbani kwake, lakini kwa badala yake tunakupa jalada. Soma kabla hujatoa mali yako. Hapo ndipo jalada lilipopata thamani. Ni fidia aliyopewa mtu wa nje kwa haki aliyonyang'anywa.

Na ili jalada liaminike, sheria kubwa ya mwaka 1862 ilifunga mlango. Waraka wa kuanzisha kampuni ulitaja jina, nchi, madhumuni, ukomo wa dhamana na mtaji. Mtaji ungeweza kuongezwa, na jina lingeweza kubadilishwa kwa kibali. Madhumuni, yaani kazi ya kampuni, hayakuweza kubadilishwa kabisa, hata wenye hisa wote wangetaka.

Ukali wa kufuli hilo ulionekana katika kesi ya Ashbury, iliyoamuliwa mwaka 1875. Kampuni hii ya Uingereza iliandikishwa kutengeneza, kuuza na kukodisha mabehewa ya reli na vifaa vyake, pamoja na kazi ya uhandisi na ukandarasi. Wakurugenzi wakanunua haki ya kujenga reli nzima huko Ubelgiji, kutoka Antwerp hadi Tournai, wakampa kazi mkandarasi aliyeitwa Riche. Fedha zikaanza kutolewa, baadaye kampuni ikajitoa. Riche akashitaki. Mabwana majaji wa rufani walipokaa, sauti ziligawanyika sawasawa, nusu kwa nusu. Shauri likafika Baraza la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho.

Malordi, wakiongozwa na Lord Cairns, wakasema kwamba kutengeneza mabehewa si kujenga reli, na neno ukandarasi halikukusudiwa kumeza kila kazi duniani. Mkataba ulikuwa nje ya madhumuni, kwa hiyo haukuwahi kuwapo. Hata wenye hisa wote wangeuidhinisha, haungepata uhai, kwa kuwa hawana uwezo wa kufufua kisichoweza kuzaliwa. Riche akaondoka mikono mitupu.

Basi umeona kichekesho. Kufuli liliwekwa ili kumlinda mtu wa nje, na mtu wa nje ndiye aliyefungiwa mlango.

Mwaka 1890 Waingereza walilegeza kidogo. Kampuni iliruhusiwa kubadili madhumuni kwa azimio maalumu la wanachama, lakini kwa sababu chache zilizotajwa na kwa idhini ya mahakama. Mawakili, kama ilivyo desturi ya mawakili, hawakutaka kwenda mahakamani kila mara. Wakaona ni afadhali kuandika tangu mwanzo kila kitu kinachoweza kufanyika chini ya jua. Kampuni ya mashamba ya mpira ikajipa vifungu thelathini, kutoka kilimo hadi kuuza hisa za watu wengine, na mwisho ikaongeza kifungu cha kusema kwamba kila kimoja kinasimama peke yake. Mwaka 1918 Baraza la Malordi lililikubali hilo shingo upande. Mmoja wao, Lord Wrenbury, aliyekuwa ameandika kitabu mashuhuri juu ya sheria za makampuni kabla ya kupata cheo hicho, alilalamika kwamba waraka uliokusudiwa kufichua sasa unaficha. Lakini naye akakubali.

Nimewahi kusoma nyaraka za namna hiyo hapa kwetu. Kampuni ya watu wawili, yenye mashine mbili za kuchapia kadi za harusi, imeandikiwa uwezo wa kuchimba almasi, kumiliki meli na kuendesha hoteli. Ukiwauliza wenyewe watakwambia hawajui vifungu hivyo vilitoka wapi. Vilitoka kwa mawakili wa London wa enzi hizo, vikanakiliwa kizazi hadi kizazi.

Sasa nije kwenye kesi ambayo kila nikiikumbuka hunisikitisha, ijapokuwa fedha zake hazikuwa nyingi. Iliamuliwa London mwaka 1953, na kampuni iliitwa Jon Beauforte. Iliandikishwa kushona na kuuza nguo za kike, kofia na mapambo yake. Baadaye wenyewe wakaona faida iko kwingine, wakageukia kutengeneza paneli, zile mbao zinazobandikwa juu yake tabaka jembamba la mti wa thamani. Wakajenga kiwanda. Wakachapisha barua zenye kichwa kipya kinachotaja biashara yao ya paneli. Walifanya kila kitu isipokuwa kimoja: hawakwenda kubadili madhumuni katika jalada.

Wakati huo kubadili kulikuwa kumerahisishwa. Sheria ya mwaka 1948 ilikuwa imeondoa ulazima wa kwenda mahakamani. Lilihitajika azimio maalumu la robo tatu ya kura, kisha nakala ipelekwe kwa Msajili. Ingekuwa kazi ya mkutano mmoja na barua moja.

Kampuni ikafilisika, na wadai wakajitokeza. Alikuwako mjenzi aliyejenga kiwanda, aliyeuza yale matabaka ya mbao, na aliyeleta makaa ya koki ya kuwashia moto wa kiwanda. Mfilisi akakataa madai yote matatu. Alisema kampuni hii ni ya kushona nguo, na madeni ya paneli si madeni yake.

Mjenzi alikuwa tayari ameshinda kesi dhidi ya kampuni kwa makubaliano. Jaji Roxburgh akasema hukumu hiyo haimsaidii, kwa sababu suala la madhumuni halikuamuliwa ndani yake. Mwuza mbao hakuwa na la kujitetea. Lakini huyu wa makaa, ndugu msikilizaji, alikuwa na hoja nzuri. Makaa ni makaa. Hata fundi cherehani huhitaji moto wakati wa baridi. Yeye atajuaje kwamba haya yanakwenda kwenye paneli?

Jibu alilopata ni kwamba barua aliyoletewa kuagiza makaa ilikuwa na kile kichwa kinachotaja paneli. Kwa hiyo alijua biashara ni ya paneli. Na kwa kuwa jalada liko wazi kwa watu wote, sheria ilimhesabu kuwa alilisoma, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya Msajili. Kwa hiyo alijua pia kwamba kampuni ni ya nguo. Aliyejua yote mawili alijua kwamba biashara si halali, na akipoteza ni juu yake.

Tafakari hapo. Wakurugenzi ndio waliosahau kuhuisha jalada, na mwuza makaa ndiye aliyelipa. Tena aliponzwa na ukweli. Kama barua ile isingetaja paneli, pengine angepata fedha zake.

Zamani, mwaka 1856, majaji walikuwa wamempunguzia mtu wa nje nusu ya mzigo. Katika kesi ya benki moja ya London walisema kwamba anapaswa kujua yaliyomo katika jalada, lakini halazimiki kuuliza kama mkutano wa ndani ulifanyika sawasawa. Nusu ya pili, ile ya kuhesabiwa kuwa amesoma, ilimwelemea kwa zaidi ya karne nzima. Waingereza walianza kuibomoa baada ya kuingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, wakaendelea mwaka 1989, na kwa sheria yao ya mwaka 2006 kampuni mpya haihitaji kutaja madhumuni kabisa isipokuwa ikitaka yenyewe kujiwekea mipaka.

Kwetu je? Sisi tulikutana na hati za makampuni kwa njia ya uchungu. Mwaka 1885 Kaiser wa Ujerumani aliipa hati kampuni ya Carl Peters, na mwaka 1888 Malkia Victoria akaipa hati kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Zilikuwa hati za mtindo ule wa zamani, ila kazi iliyotajwa ndani yake ilikuwa kutawala watu. Hakuna hata mmoja katika waliotawaliwa aliyeonyeshwa jalada.

Mwaka 1920, chini ya utawala wa Waingereza, sheria zao za jumla zikapokelewa Tanganyika, na mwaka 1932 ikaja Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1929, na katika ile ya 1929 kubadili madhumuni bado kulihitaji mahakama. Waingereza wenyewe waliachana na mtindo huo mwaka 1948. Kenya ilipata sheria iliyofuata hiyo ya 1948. Sisi Tanzania Bara tulikaa na yetu ya 1932 hadi Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2006. Miaka zaidi ya sabini! Tunamlaumu mwenye duka kwa kutohuisha karatasi zake, na sheria yenyewe inayomwagiza ahuishe ilikuwa imesahauliwa kabatini. Zanzibar, kwa kuwa usajili wa makampuni si jambo la Muungano, ilikuwa na yake, na ilipata mpya mwaka 2013.

Sababu ya kusahau inaeleweka. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mabenki yote ya biashara na viwanda vikubwa viliingia mikononi mwa umma. Uchumi ukawa wa mashirika, na shirika likitaka kubadilishwa lilibadilishwa kwa amri au kwa sheria. Jalada la Msajili likawa mambo ya wafanyabiashara wadogo na wale wachache waliobaki. Nani alijali kama lina vumbi?

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990, mashirika yalipoanza kuuzwa. Ghafla kila mtu akataka kujua nani ana hisa ngapi. Kampuni ya bia ilipata mwekezaji mwaka 1993. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilisajiliwa mwaka 1996, na mauzo yakaanza Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya oksijeni, TOL. Hapo wananchi wa kawaida, walimu, makarani na wastaafu, walinunua vipande vya makampuni ambayo hawakuwahi kuingia ofisini mwake. Wakawa wale watu wa nje tunaowazungumzia.

Na wengi wetu tumeona katiba ya kampuni ikibadilishwa bila kutambua. Kampuni binafsi kwa sheria huwekea mipaka uuzaji wa hisa zake na hairuhusiwi kuukaribisha umma kuzinunua. Ikitaka kwenda sokoni, hapana budi wanahisa wapitishe azimio la kuviondoa vifungu hivyo, waviandikishe, na jina libadilike. Ile herufi tatu ya PLC uliyoiona nyuma ya jina la Vodacom, kampuni hiyo ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017, ndiyo alama ya mabadiliko hayo. Soko la Hisa lenyewe lilianza likiwa kampuni isiyokuwa na hisa, ya wanachama waliotoa dhamana tu. Mwaka 2015 likabadilika kuwa kampuni ya umma yenye hisa, na mwaka 2016 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni humo humo.

Wakubwa, basi, wanajua njia ya kwenda kwa Msajili. Wana mawakili na makatibu wa kampuni. Wasiwasi wangu ni juu ya hawa wengine.

Chukua mfano wa marafiki watatu walioanzisha kampuni ya kuuza vitenge, ofisi yao ikiwa katika jengo moja la zamani mjini. Vitenge vikadorora, wakanunua lori, wakaingia kwenye usafirishaji. Mmoja akahamia Muscat. Wa pili akafariki dunia. Aliyebaki anaendesha mambo vizuri tu, analipa kodi, na cheti kiko ukutani. Lakini katika jalada wakurugenzi bado ni watatu, marehemu akiwamo, na anwani ni ile ile, ijapokuwa jengo limekwisha kubomolewa na mahali pake pamesimama ghorofa kumi.

Siku moja mwuza matairi anadai fedha zake. Hati ya kuitwa mahakamani inapelekwa kwenye anwani iliyosajiliwa, kwa sababu ndiyo anwani ambayo sheria inaitambua. Mlinzi wa ghorofa hamjui mtu huyo. Shauri laweza kusikilizwa upande mmoja, na mwenye lori akapata habari siku dalali anapokuja kulichukua. Huko nyumbani mjane wa marehemu naye anakwenda kuuliza hisa za mumewe. Anaambiwa mumewe ni mkurugenzi. Anasema mume wangu amezikwa. Karani anamwonyesha jalada.

Sheria ya 2002 inataka mabadiliko ya wakurugenzi, ya anwani na ya katiba yapelekwe kwa Msajili katika muda uliowekwa, na taarifa ya mwaka ipelekwe kila mwaka, anayechelewa akitozwa. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulioanza mwaka 1999, uliingiza usajili katika mtandao wa kompyuta mwaka 2018, na makampuni ya zamani yakatakiwa yaingize upya habari zake humo. Ndipo ilipojulikana ni majalada mangapi yalikuwa na majina ya marehemu, maana mfumo unataka namba ya kitambulisho cha taifa ya kila mkurugenzi, na marehemu hana pa kuitoa. Mwaka 2020 likaongezwa lingine: kampuni imtaje yule anayeimiliki kwa kweli, hata kama hisa ziko kwa jina la binamu yake.

Hilo la mwisho limewakera wengi, na sikatai kwamba zipo sababu za haki za kukerwa. Mtandao hukatika. Ada za kuchelewa kwa miaka mingi zikijumlishwa hufikia kiasi cha kumkatisha tamaa mtu mwenye lori moja, akaona ni heri aiache kampuni ife aanzishe nyingine. Ningekuwa na sauti ningeomba mwenye kuja kwa hiari kurekebisha jalada la zamani apunguziwe, kwani lengo ni jalada sahihi. Lakini hoja ya kwamba ni siri ya wenye kampuni siipokei. Aliyechagua kujificha nyuma ya dhamana yenye ukomo, nyumba yake isiguswe kampuni ikianguka, alikubali siku hiyo hiyo kwamba jalada litakuwa wazi.

Mwuza matairi wa leo anaweza kuomba upekuzi wa kampuni kwa ada kabla hajapakia mzigo. Wachache hufanya hivyo. Wengi hutazama cheti ukutani, wakanywa chai waliyokaribishwa, wakaandika bei.